Umeme Ukikatika: Sola, Betri Tupu au Jenereta?

MHASIBU: Kabla hatujagusa paneli, tuangalie bei ya umeme tulionao. Mteja wa kundi la D1, yule ambaye matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti. Ukijumlisha VAT, tozo ya umeme vijijini ya REA na ile ya mdhibiti, EWURA, inafika 122. Wa T1, yule wa nyumbani anayezidi kiwango hicho, bei yake ni 292, na akishakatwa hayo yote inamtoka kama 356. Sasa chukua nyumba ya D1 inayotumia uniti mbili na nusu kwa siku. Sola ikiwapa uniti zote hizo bure, wanaokoa shilingi 305 kwa siku, yaani 111,000 na ushee kwa mwaka. Tuseme mfumo umewagharimu milioni tano. Hela yao itarudi baada ya miaka 45, na hakuna betri itakayoishi miaka hiyo. Kwa nyumba nyingi za mjini zenye umeme, sola ni ununuzi mbaya. Nalisema bila kuuma maneno.

MWENYE NYUMBA: Mimi sikuja hapa kutafuta LUKU, umeme wa kulipia kabla, ya bei nafuu. Nauza samaki na aiskrimu za ubuyu kutoka kwenye friza. Mama mkwe wangu anachoma insulini, na akiba yake iko kwenye friji. Umeme ukilala umekatika, hasara yangu haipimwi kwa shilingi 122. Umenijibu swali nisilouliza.

MHASIBU: Basi tupime ulilouliza. Kwako umeme hukatika kwa saa ngapi kwa mwezi, na kila ukikatika unapoteza shilingi ngapi? Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hukaa na baridi yake hadi saa 48. Ikiwa nusu, saa 24. Kwa joto la Dar es Salaam punguza kidogo, lakini saa nne au tano haziozeshi samaki. Unataka kutoa mamilioni kuzuia hasara ambayo mfuniko uliofungwa unaizuia bure.

MWENYE NYUMBA: Friza ya biashara haifungwi, Mhasibu. Mtoto akija na shilingi mia mbili, nafungua. Mama ntilie akija asubuhi kuchukua samaki wake, nafungua. Nikiifunga nimelinda samaki, lakini biashara imesimama.

MHASIBU: Sawa, hilo nakupa. Ila kuna jingine. Mgao wa mwaka 2023 ulitokana na uhaba wa umeme, na uhaba ule umepungua sana. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, na mitambo yake tisa kwa pamoja ni megawati 2,115. Machi mwaka huohuo umeme ulizidi mahitaji mpaka vituo vitano vya umeme wa maji vikazimwa. Kwa nini mama anunue leo kinga ya tatizo linalopungua?

FUNDI: Wiki chache baada ya vituo hivyo kuzimwa kwa sababu umeme umezidi, Aprili mosi 2024, gridi ya taifa ilipata hitilafu na nchi ikaingia gizani. Umeme mwingi haukulizuia hilo. Bwawa linaondoa uhaba. Haliondoi nguzo iliyooza, waya ulioangukiwa na tawi la mwembe, wala transfoma iliyofungwa mtaa ukiwa na nyumba chache na leo nyumba zimejaa hadi bondeni. Umeme wa bwawa hilo unapelekwa Chalinze kwa njia kubwa ya kilovolti 400. Kutoka pale hadi kwenye mita ya mama kuna safari nyingine ndefu, na karibu kila ninapoitwa nyumbani kwa watu, tatizo liko mwisho wa safari hiyo, kwenye waya za mtaani. Hitilafu hizo haziishi kwa kuongeza mitambo.

MHASIBU: Basi anunue jenereta. Kwa saa chache za giza kwa mwezi, hakuna kinachoishinda kwa bei ya kununulia. Ukiihitaji unaiwasha, usipoihitaji haikudai kitu.

FUNDI: Inakudai kila unapoiwasha. Jenereta ndogo ya petroli, hata ukiwashia taa na feni tu, hunywa zaidi ya nusu lita kwa saa. Tuseme lita ni shilingi 3,000 na inakunywa lita 0.6, hiyo ni 1,800 kwa saa. Na kama vitu ulivyowasha vinakula wati 330, umepata theluthi moja ya uniti. Uniti nzima imekugharimu zaidi ya 5,000. Wewe uliyeanza na uniti ya 122, pima hiyo.

MHASIBU: Naipima kwa saa zake. Uniti ya 5,000 ukiinunua mara tano kwa mwezi ni 25,000. Bado ni rahisi kuliko mamilioni yaliyolala juu ya bati.

MPANGAJI: Na sisi tunaolala ukuta mmoja na hiyo jenereta, tumo kwenye hesabu ya nani? Nyumba za kupanga tunaishi mlango kwa mlango. Mtu anaiweka koridoni akiogopa wezi, anafunga geti, analala. Moshi ule una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Sikatai jenereta iliyo nje kabisa, mbali na madirisha. Lakini nionyesheni uswahilini nafasi hiyo iko wapi.

FUNDI: Na wapo wanaochomeka waya wa jenereta kwenye soketi ya ukutani bila chenjiova, swichi inayotenganisha jenereta na gridi. Umeme unarudi nyuma hadi kwenye transfoma, unapandishwa kuwa maelfu ya volti, na fundi aliyeko juu ya nguzo anashika waya anaodhani umekufa. Jambo hili lizungumzwe kila mahali panapouzwa jenereta.

MHASIBU: Hatari hizo nazikubali. Lakini msizifanye hoja ya kununua sola. Zifanyeni hoja ya kununua chenjiova.

FUNDI: Kuna hoja nyingine. Kinga isiyotumika kila siku huwezi kujua kama ni nzima. Agosti 25, 2023 Kenya karibu yote ilikosa umeme, na kwenye uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, jenereta ya sehemu ya majengo ya abiria ilikataa kuwaka. Uwanja mkubwa vile, wenye mafundi wa kuajiriwa. Jenereta ya nyumbani iliyokaa na petroli ileile tangu mwaka jana itawaka? Betri na inveta vinafanya kazi kila siku. Vikianza kuumwa, unaona.

MWENYE NYUMBA: Basi sola. Lakini kuna kinachonishangaza. Kuna mtu nyumba ya pili ana paneli bati zima, na umeme ukikatika mchana jua likiwaka, na yeye hana umeme. Alidanganywa?

FUNDI: Hapana. Alifungiwa mfumo wa kupunguza bili, yeye akadhani amefungiwa wa kuzuia giza. Inveta yake imefungwa sambamba na gridi bila betri. Gridi ikizima, inveta ile lazima izime, imetengenezwa hivyo kwa usalama, kwa ajili ya huyuhuyu fundi wa juu ya nguzo. Atakaye umeme wakati wa giza anahitaji betri, na inveta inayoweza kujitenga na gridi na kuendelea kuhudumia nyumba. Madukani wanaiita inveta ya haibridi. Mama, wewe una simtanki. Bomba la DAWASA likikauka, kinachokuokoa ni tangi. Betri ni tangi hilo. Paneli ni kisima chako mwenyewe cha kulijaza. Watu wananunua kisima, hawana tangi.

MHASIBU: Umenisaidia, Fundi, kuliko ulivyokusudia. Kama tangi ndilo linalookoa, na bomba la gridi linatoa maji siku nyingi za mwezi, kisima cha nini? Mama anunue betri na inveta, azijaze kwa umeme wa LUKU, aache bati lake lipumzike. Gharama inapungua sana, na umeme ukikatika anawaka kama mwenye paneli.

MWENYE NYUMBA: Hilo linawezekana?

FUNDI: Linawezekana, na kwa nyumba nyingi ndilo ningeanza nalo. Nasema hivyo nikijua kwamba mimi hulipwa zaidi nikipanda juu ya paa. Lakini kabla ya betri, karatasi na kalamu. Mama, taja vitu ambavyo vikizimika unaumia.

MWENYE NYUMBA: Friza. Friji yenye insulini. Taa. Feni za vyumba viwili, watoto hawalali bila feni. Televisheni. Simu, na kile kifaa cha intaneti. Pasi ya sare za shule. Na hita ya kuogea ya mama mkwe.

FUNDI: Pasi na hita tuziweke pembeni. Pasi inakula wati 1,000 hadi 2,000. Hita ya bafuni inayochemsha maji papo hapo inafika 3,500 hadi 5,500. Birika la umeme, 2,000. Kila kitu kinachotengeneza moto kwa umeme ni adui wa betri. Ukitaka betri ibebe hita, utanunua mfumo wa hoteli kwa ajili ya dakika kumi za kuoga. Sare zipigwe pasi umeme ukiwepo, maji ya mama mkwe yachemshwe kwa gesi.

MWENYE NYUMBA: Na vilivyobaki?

FUNDI: Taa sita za LED za wati 9 ni 54. Feni mbili, 120. Televisheni 80. Intaneti na simu 30. Friji inawaka na kuzima, kwa siku nzima inakula kama uniti 1.2, wastani wake ni wati 50. Jumla 334. Betri ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100 ina uniti 5.1. Usiimalize yote, na inveta nayo inakula kidogo. Hesabu uniti 4 za kutumia. Ukigawa kwa 334 unapata saa kumi na mbili. Usiku mzima. Sasa weka friza ya biashara, uniti kama mbili kwa siku, wastani wa wati 80 na kitu. Unabaki na saa tisa hadi kumi. Hapo pa friza tuwe waangalifu. Mota yake inapoanza hudai mara kadhaa ya wati zake za kawaida kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo inveta usinunue ya wati 500 eti kwa sababu jumla ni 400. Nunua ya 3,000, tena ya wimbi safi. Zile za bei rahisi zenye wimbi la ngazi-ngazi zinafanya mota ya friji ingurume na kupata joto, na feni inapiga kelele usiku kucha.

MHASIBU: Betri ya lithiamu ya nini? Betri ya maji ya ampea-saa 200 bei yake iko chini sana.

FUNDI: Volti 12 mara ampea-saa 200 ni uniti 2.4. Betri ya risasi ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara, unaiua. Kwa hiyo una uniti 1.2. Kwa nyumba ya mama, ukiweka na hasara ya inveta, haifiki saa tatu. Ili ulingane na lithiamu moja unahitaji nne. Na lithiamu aina ya LiFePO4 iliyo ya kweli inavumilia kujazwa na kushushwa mara elfu kadhaa. Betri ya risasi inahesabu kwa mamia. Joto nalo linaila: kwa kanuni ya wenye kazi hii, kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake kwa nusu, na stoo ya bati Dar es Salaam saa nane mchana haina nyuzi 25. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Wakati wa mgao, umeme unarudi kwa saa chache tu. Betri ya risasi ni nzito kujaa, sehemu ya mwisho inachukua saa nyingi. Inakatiwa haijajaa, kesho tena haijajaa, na betri ya risasi inayokaa bila kujaa inajenga ukoko ndani na kufa. Yaani inakufa upesi zaidi kipindi kilekile ulichoinunulia.

MHASIBU: Lithiamu basi. Nakubali. Lakini bado sijasikia sababu ya paneli.

FUNDI: Sababu ni siku. Betri ya kujazwa na gridi inashinda giza la saa kumi. Transfoma ikiungua, ukikosa umeme siku tatu, saa kumi zimeisha usiku wa kwanza.

MWENYE NYUMBA: Kwetu iliungua. Tulikosa umeme kuanzia Jumapili mpaka Jumatano. Samaki niliwagawa kwa majirani siku ya pili, kabla hawajaharibika. Insulini nikaipeleka kwa dada yangu Tabata, ndani ya chupa ya chai yenye barafu.

MHASIBU: Pole, mama. Ila jiulize hilo hutokea mara ngapi. Hujengi nyumba nzima kwa ajili ya mvua ya mara moja katika miaka mingi.

MWENYE NYUMBA: Ukiwa na mgonjwa ndani, mara moja inatosha.

FUNDI: Na paneli hazikai zikisubiri transfoma iungue, zinafanya kazi kila siku. Hesabu yako ya miaka 45, Mhasibu, ni ya nyumba ya D1. Mama si D1. Ana friza, ana friji, ana pasi na hita. Anatumia uniti sita kwa siku, 180 kwa mwezi. Kwa bei ya 356 anatoa 64,000 kila mwezi. Paneli nne za wati 450 ni 1,800. Zidisha kwa saa tano za jua zuri, toa robo kwa joto, vumbi na hasara za waya, unapata uniti sita na robo tatu. Akizitumia sita, anaokoa 2,136 kwa siku. Kwa mwaka 780,000. Mfumo mzima ukiwa milioni saba, ni miaka tisa.

MHASIBU: Miaka tisa kama ana milioni saba mkononi. Akikopa je? Tuseme riba ni asilimia 18 kwa mwaka. Riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni 1,260,000. Umemwokolea 780,000 za LUKU, umemtoa 1,260,000 za riba. Kila mwaka anazama. Hapa ndipo nasimama, na sitoki. Wanaouza mifumo hii kwa mkopo wanaonyesha LUKU inayopungua, hawaonyeshi jedwali la marejesho. Nimeona watu wamepoteza kiwanja kwa deni lililoanza kama nia njema ya kuwa na umeme.

FUNDI: Hilo sina jibu lake. Kwa mkopo wa namna hiyo, usifunge.

MHASIBU: Na hizo uniti sita ni za kila siku? Masika je?

FUNDI: Aprili, mawingu yakitanda, tegemea nusu, siku nyingine chini ya nusu. Niliyoitaja ni wastani wa mwaka kwa paa lisilo na kivuli, na kivuli ndicho kinachoua mifumo mingi ninayoitiwa. Paneli zimeungwa kwa mfuatano. Mnazi ukitia kivuli paneli moja, zote zinashuka. Huku kwetu, kusini mwa ikweta, paneli zitazame kaskazini, na zilale nyuzi 10 hadi 15, mvua ipate kuzisafisha. Walioko karibu na bahari wadai bolti za chuma kisichoshika kutu, chumvi ya Kigamboni haina huruma. Na waya wa ethi uwepo kweli, uingie ardhini kweli. Nimekuta uliokatwa ukafichwa nyuma ya kabati.

MWENYE NYUMBA: Nitajuaje kama paneli ni ya kweli? Sokoni kila moja imeandikwa wati mia tatu, mia nne, hata zile ndogo.

FUNDI: Beba futi kamba. Mita moja ya mraba ya paneli nzuri ya siku hizi hutoa wati 200, 220 hivi. Ya wati 400 inakaribia mita mbili za mraba, na mtu mmoja anaibeba kwa shida. Ukikuta imeandikwa 300 na unaweza kuikumbatia kwapani, maandishi hayo ni uongo, hata stika iwe nzuri namna gani. Betri nayo dai ipimwe mbele yako: ijazwe, iwekewe mzigo unaojulikana, muhesabu saa. Na fundi akuonyeshe leseni ya EWURA kabla hajapanda ngazi.

MHASIBU: Risiti ya EFD pia, yenye namba za betri na inveta. Waranti bila namba hizo huwezi kuidai popote.

MWENYE NYUMBA: Mchana zikizidi, naweza kuwauzia TANESCO?

FUNDI: Tangu 2018 EWURA ina kanuni zinazoruhusu mwenye mfumo wake kuunganishwa na gridi na uniti anazorudisha zikahesabiwa. Lakini usijirushie mwenyewe. Mita nyingi za kulipia kabla hazikutengenezwa kusoma umeme unaorudi nyuma, na baadhi huusoma kama umeutumia wewe. Utakuta LUKU inaisha haraka kuliko kabla ya sola. Mpaka uwe na kibali na mita ya kufaa, inveta ipangwe isirudishe chochote nje.

MPANGAJI: Nimesikiliza muda mrefu. Mnasema bati, paa, kaskazini, kusini. Mimi sina paa. Nina chumba na sebule, na nikihama naondoka na kitanda. Mji huu umejaa watu kama mimi, na kila ushauri wa sola unaanza na mtu aliyejenga.

MHASIBU: Kwako jibu ni dogo na la bei ndogo. Taa za kuchaji, betri ndogo ya lithiamu ya kubebeka, feni ya kuchaji. Vyote unahama navyo.

MPANGAJI: Hivyo ninavyo. Naomba tuseme lile kubwa zaidi. Mama, wewe una wapangaji uani. Ukifunga mfumo wako, wewe utakuwa na taa na sisi tutakaa gizani, mita tano kutoka dirishani kwako. Kodi yetu ndiyo iliyosaidia kuezeka paa hilo.

MWENYE NYUMBA: Mwanangu, sikatai. Lakini nikiwavutia waya, mmoja akichomeka jiko la umeme, betri yangu imekwisha na insulini imeharibika. Na LUKU tu mnagombana kila mwezi nani katumia.

FUNDI: Kila chumba kinawekewa breka ya ampea 2. Hiyo ni wati 460 kwa juu kabisa; jiko likichomekwa breka inakata chumba kile tu. Taa, feni na simu vya chumba kimoja havizidi wati 80. Vyumba vitatu ni 240. Kwa usiku wa saa kumi na mbili ni kama uniti tatu.

MHASIBU: Yaani betri ya pili. Nani analipa?

MPANGAJI: Tulipe sote. Kodi ikipanda shilingi elfu kumi kwa mwezi na mkataba ukaandika kwamba chumba kina taa na feni umeme ukikatika, mimi nalipa. Vyumba vitatu ni 360,000 kwa mwaka. Hiyo ni hela inayoingia, Mhasibu, iweke kwenye jedwali lako. Umehesabu LUKU, umehesabu riba, hukuhesabu kwamba mtu anaweza kulipia usingizi wa watoto wake.

MHASIBU: Hiyo inabadilisha jedwali. Sitasema haibadilishi.

MWENYE NYUMBA: Na mkilipa miezi miwili mkaacha?

MPANGAJI: Na wewe ukipandisha kodi halafu betri ikafa usiinunue nyingine? Ndiyo maana nimesema mkataba.

MHASIBU: Kuna jambo linaniuma, na sijui kama mtalipenda. Kila mwenye uwezo akijitengenezea umeme wake, atabaki nani wa kupiga simu nguzo ikianguka? Atabaki wa D1, ambaye sauti yake haifiki mbali. Maji tulishayafanya hivi: mwenye hela akachimba kisima, na bomba la mtaa likasahaulika. Sitaki umeme uende njia hiyo.

FUNDI: Lakini huwezi kumwambia mama amwache mama mkwe wake bila insulini ili nguzo zitengenezwe.

MHASIBU: Simwambii hivyo. Namwambia akishafunga betri yake aendelee kupiga simu, na aendelee kwenda kwenye mkutano wa mtaa kuuliza transfoma itaongezwa lini. Giza likiacha kumuuma, asiache kudai.

MWENYE NYUMBA: Hilo nimelipokea. Sasa nisikilizeni nilivyoamua. Sikopi. Hela niliyonayo inatosha inveta na betri moja ya lithiamu. Nitazifunga hizo kwanza, zijazwe na LUKU. Inveta iwe ya kukubali paneli, ili paneli zije nikipata. Friji na friza vipate breka yao. Hita haigusi betri. Wapangaji tutakaa, tuandike, na wakikubali, betri ya pili inatangulia paneli.

MHASIBU: Hiyo naisaini.

FUNDI: Mimi ningeweka paneli mbili tangu mwanzo, kwa ajili ya siku kama zile za transfoma. Paneli mbili zinatoa uniti tatu na ushee siku ya jua, zinatosha friji na friza zisizime kabisa, hata gridi ikipotea wiki nzima. Mama, kwenye insulini hapo hujanishawishi.

MWENYE NYUMBA: Chupa ya chai na barafu bado ninayo, na dada yangu bado yuko Tabata. Nipe miezi sita.

FUNDI: Miezi sita ya mwaka wenye masika. Nimesema yangu.

MPANGAJI: Basi mimi niseme na wale wanaojenga mwaka huu, maana wengi watatupangisha. Kabla fundi hajapiga plasta, pitisha bomba tupu la waya kutoka paani hadi kwenye bodi ya umeme. Taa na soketi ya friji ya kila chumba ziwe na waya wao, tofauti na wa pasi na jiko. Acha ukuta mmoja wa kivuli wenye hewa, wa kuwekea betri. Ukuta ukiwa wazi gharama yake ni ndogo sana. Ukishapigwa rangi, hakuna mwenye nyumba atakayeubomoa kwa ajili ya mpangaji.